Hewa ya Karafuu

Nilikwenda kwenye hitma ya Bwana Nassor kwa heshima ya mjane wake, jirani yangu wa Mkunazini, hapa mjini Zanzibar, si kwa heshima ya marehemu. Naandika hivyo wazi kwa sababu umri nilionao haunilazimishi tena kuremba maneno. Wanawake tulikaa ghorofani, kwenye ukumbi uliotandikwa mikeka, na kisomo kilipomalizika yakaletwa masinia ya pilau. Mimi sili pilau. Jamaa zangu wameshazoea kuniwekea wali mweupe pembeni, lakini nyumba ile haikuwa na habari hiyo, na sinia lilipofunuliwa mbele yangu mvuke ukanipanda puani na karafuu yake. Bibi aliyekaa ubavuni mwangu akanimegea nyama kwa vidole vyake, kama tunavyomfanyia mtu tunayemheshimu. Nilimshukuru, nikasingizia presha. Haikuwa presha. Kilikuwa kinyaa, na najua vizuri kilikoanzia.

Nilikuwa nashuka ngazi niende zangu aliponizuia Suleiman, mtoto wa dada wa Bwana Nassor, kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo, Bi Rukia." Nikamwitikia marahaba. Akaniambia ana shida ndogo. Kule karakanani kwa mjomba wake mna kompresa, watu wanasema mimi ndiye niliyeifufua zamani, na sasa amepatikana bwana mmoja wa Fumba anayeitaka kwa ajili ya wazamiaji. "Lakini haina kibati cha kiwandani, bwana mwenyewe hajui ananunua nini. Nnataka uje uitazame tu, umwambie ni ya namna gani." Nikamuuliza, bado ipo? "Ilikuwa kaskazini miaka yote, kwa wavuvi wa majongoo ya bahari. Mjomba alikuwa akiwakodisha. Imerudi mwaka huu." Nikamwambia anisubiri ninywe kahawa kwanza. Nikakaa barazani na finjani yangu, na mwaka ule wote ukanirudia, na harufu zake.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, msichana pekee wa darasa la mitambo, na karakana zote za mjini zilinijibu kwa adabu kwamba zitaniita. Iliyoniita ni ya Bwana Nassor tu. Baadaye nilielewa kwa nini: msichana aliyefunga mtandio na kushika spana alikuwa kivutio, watu walipita kuchungulia, na aliyechungulia hatimaye alileta jenereta lake. Karakana ilikuwa chini ya nyumba kongwe ya mtaa wa Malindi, chumba kirefu kisicho na dirisha, ukuta wa mawe na chokaa ukitoka chumvi mwaka mzima. Bomba la choo cha wapangaji wa juu lilipita kwenye kona yetu, likivuja taratibu ndani ya debe ambalo hakuna aliyekubali kwamba ni zamu yake kulimwaga. Popo walining'inia kwenye boriti na kutunyea tulipokuwa tukifanya kazi. Siku ya kwanza nilitandika gazeti kabla ya kukaa kwenye kibao, na fundi wetu mkubwa, Fundi Agustino, akanitazama mpaka nilipomaliza kukunja kingo zake. "Binti, ufundi ni uchafu," akaniambia. "Ukiwa na kinyaa utakufa na njaa." Alikuwa Mkristo wa mtaa wa Ng'ambo, babu zake walitoka bara, mwenyewe hakupata hata siku moja kuvuka bahari. Sikufa na njaa, lakini kinyaa hakikunitoka.

Bwana Nassor mwenyewe alikuwa mtanashati. Kila Ijumaa kanzu yake nyeupe ilitundikwa msumarini tangu asubuhi, imepigwa pasi ikakakamaa, na karibu yake hakuna aliyeruhusiwa kufungua kopo la oili. Alijipaka mafuta ya haludi nyuma ya masikio. Kutwa alitafuna karafuu, apate kunukia kinywa, na makapi aliyatema kiganjani akayaweka popote mkono ulipofika: juu ya meza ya kazi, ndani ya kopo la nati, siku moja ndani ya kikombe changu cha chai. Mchana tulikula sinia moja, wali na mchuzi wa samaki changu kutoka kwa mkewe, chakula kitamu ambacho nilikiona kikiharibiwa mbele yangu. Alikuwa na ukarimu wa kumegea watu. Alichambua miiba kwa vidole, akavilamba kimoja kimoja, kisha kwa vidole vile vile akanisogezea mnofu. "Kula, mwanangu, usione haya." Mnofu ule niliufukia chini ya wali, upande wa Makame, na Makame aliujua mchezo wangu, akala kimya kimya bila kunitia aibuni.

Makame alikuwa mzamiaji wetu, kijana wa Kizimkazi, mrefu, mwenye kucheka hata panapotakiwa kulia. Bwana Nassor alimtuma chini ya maji kukagua propela za meli na kufungua nanga zilizonasa, na mitungi yake ya hewa ilijazwa kwa watu wengine waliokuwa na mashine. Ndiye aliyenibandika jina la Bi Kinyaa. Alikuwa akiuma embe, kisha ananinyooshea upande aliouuma yeye, apate kuniona nikikunja uso. Nilimpenda, sina haja ya kuzunguka. Hatukuja kuoana, na nadhani ilikuwa heri, maana mtu yule asingeliweza kuishi na mwanamke anayechemsha vijiko. Nayasema haya kwa sababu kila ninapoikumbuka mashine ile, siikumbuki kama chuma. Nakumbuka kwamba chochote kitakachotoka ndani yake kilikuwa kinakwenda moja kwa moja kwenye mapafu ya Makame.

Kompresa ililetwa na mahamali kwa mkokoteni, kwa kuwa kichochoro chetu hakipitishi gari. Bwana Nassor aliinunua mnadani bandarini, na alitembea mbele yake kama aliyeposa. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani na mtu aliyekuwa na haraka, brashi imepita juu ya vumbi, juu ya nati, juu ya kioo cha geji, na juu ya mende mmoja aliyegandishwa na rangi kwenye pembe ya fremu, miguu na ndevu zote zikiwa kijani. Pale palipokuwa na kibati yalibaki matundu ya skrubu tu. Nilimtazama yule mende nikarudi hatua moja nyuma. "Ni ya kujazia hewa ya wazamiaji," Bwana Nassor akatangaza. "Mwenyewe kanambia."

"Mwenyewe yupi?" Fundi Agustino akauliza.

"Si huyo alouza."

"Alouza angelikwambia ni ya kukamulia miwa, leo tungelikunywa juisi."

Lakini fundi alivutiwa, nilimwona. Akachuchumaa mbele ya mashine kwa muda mrefu, kisha akanifundisha jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote. Mashine za kusukuma hewa ni nyingi, akasema, ziko za kupulizia rangi, za kujazia mipira ya magari, za mabarafu, na anayeficha kibati anataka usijue hii ni ipi. Usiulize rangi. Uliza umbo. Tukahesabu silinda zikawa tatu, na hazikuwa sawa: ya kwanza pana, ya pili ya wastani, ya tatu nyembamba haipitishi kidole gumba. Hewa ilitoka katika hii ikaingia katika ile, na kila mahali ikabanwa zaidi. "Mpiga rangi hana haja ya kuibana hewa mara tatu," akasema. Kisha akanionesha bomba nene la chuma lililosimama mwisho kabisa, baada ya silinda zote, lenye kifuniko cha kukaza kwa mkono. Hilo ndilo chujio. "Hapa hewa inaoshwa. Na hakuna anayeosha hewa ya kujazia mpira wa gari. Hii ilizaliwa kwa ajili ya kifua cha mtu." Tukakwangua kijani, chini yake tukakuta kijivu, na chini ya kijivu nyekundu nzuri iliyotulia, ambayo ndiyo ya kuzaliwa. Chini ya silinda kubwa brashi ya waya ikafichua namba zilizoingia kwenye chuma tangu kilipokuwa kinamiminwa. Hizo hakuna brashi ya kijani inayoweza kuzifuta. Rafiki mmoja wa Fundi Agustino aliyekuwa akifanya kazi melini alizichukua, na aliporudi safari alikuja na jibu: ndiyo, ni ya hewa ya kupumua, oili yake ni ya aina moja tu, na dawa ya chujio lake haina mbadala.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa. Ilivyoishi ni habari nyingine. Tulipolifungua tumbo lake oili ilitoka kwa mafungu mafungu, nyeusi, ikinuka kuungua, na Fundi Agustino akaivuta kati ya vidole akasema ni oili ya gari, tena iliyokwisha kutumika. Ndani ya chujio hamkuwa na dawa yoyote, mlikuwa na uji wa kutu na mayai ya mende. Kwenye mpira wa kuvutia hewa, mdomo ule ule ambao mashine huvutia pumzi, nilitia waya kuuzibua, na waya ukatoka na panya aliyekauka nusu. Nusu ya pili haikuwa imekauka. Nilikimbilia lile debe la choo, nikatapika humo, na Makame akanishikia mtandio usichafuke, akicheka kwa huruma. "Bi Kinyaa, leo zamu ya debe ni yako." Sikuweza kucheka. Nilikuwa nikifikiri kwamba kuna mtu, sijui wapi, ambaye mashine hii ilimjazia mtungi siku za mwisho kabla ya kuuzwa, na mtu huyo alikwenda chini ya bahari akavuta kutu, oili na panya, akasema alhamdulillahi.

Tuliifufua kutoka Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, hadi Ramadhani, na katika miezi hiyo kinyaa changu kilipata kazi. Fundi Agustino alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na pua na macho ya kuchukia. Yeye akiona kipande kimesafika, mimi nakirudisha kwenye mafuta ya taa. Tulisugua kila bomba kwa ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye uzi, tukakitoa, tukakitazama, tukarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Vali tulizisaga juu ya kioo mpaka zikakaa bila kuvuja. Pistoni tulizipeleka kukerezwa, gasketi tulizikata wenyewe. Siku moja aliniona nanusa ndani ya silinda ndogo, akatikisa kichwa. "Nilikwambia utakufa na njaa," akasema. "Nayafuta maneno yangu. Kazi hii haimtaki mtu asokuwa na kinyaa." Hakuna sifa niliyowahi kupewa nikaifurahia kuliko hiyo. Tulipoiwasha mara ya kwanza, bila kubana hewa, ilikuwa inapiga sawasawa, na nilisimama hapo na mikono yangu michafu nikiwa nimesahau popo na bomba la choo.

Lililobaki ni oili yake na dawa ya chujio. Fundi alimpa Bwana Nassor maelezo, naye akasema vimeagizwa Dubai, viko njiani. Njiani vilikaa sana. Mchana mmoja wa Ramadhani nilikuwa nyuma ya ngazi nikipanga spana, nikamsikia akizungumza kichochoroni na mwenye hoteli mmoja wa pwani ya mashariki, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumjazia mitungi ya wageni wake. "Ijumaa ya baada ya Idi njoo, bwana, utie pua mwenyewe," akamwambia. "Hewa yangu itakuwa nzuri kuliko ya Mungu." Nilisema astaghfirullahi moyoni, nikaendelea na spana zangu. Nilidhani ni maneno ya biashara tu.

Tuliporudi kazini baada ya Idi nilisimama mlangoni. Karakana ilikuwa inanukia. Chumba kile, chenye debe lile na popo wale, kilinukia kama jikoni kwa bibi harusi, na harufu ilikuwa inatoka kwenye mashine. Bwana Nassor alikuwa amekaa juu ya kibao changu, juu ya gazeti langu, akitafuna. Fundi Agustino akauliza kama vifaa vimefika. Havikufika. Havikuwa vimeagizwa. Bwana Nassor, wakati sisi tukila Idi, alitia oili ya gari tumboni mwa mashine kwa mkono wake, akashona mfuko wa bafta, kitambaa kile kile tunachozikia watu, akaujaza karafuu, akaukandamiza ndani ya chujio. Alitueleza yote bila kuficha, kwa fahari, akaona tunavyomtazama akashangaa.

"Mnanikodolea macho ya nini? Gudulia la maji si tunalifukiza ubani kisha tunakunywa? Mama zetu wamelifukiza, na hakuna alokufa. Maji yafukizwe, hewa ina nini?"

"Gudulia linaoshwa kwanza, ndipo likafukizwa," Fundi Agustino akasema. "Oili ile ikipata moto kule juu inaungua, na moshi wake unaingia mtungini pamoja na hewa. Harufu mbaya ndiyo inomwambia mtu toka, utakufa. Wewe umeiziba mdomo. La kuvunda halina ubani, bwana."

"We fundi, mimi ndiye mwenye mashine."

Mimi nilikuwa natazama ukutani, mahali ambapo mitungi ya Makame ilikuwa inasimama. Hapakuwa na kitu. Nikauliza iko wapi. Bwana Nassor akatema makapi kiganjani, akasema ameijaza jana, na Makame ametoka nayo alfajiri kwenda kujaribu kwenye miamba. "Kaisifu. Kasema anavuta sharubati." Nakumbuka nilimchukia mtu yule kwa namna ambayo sijapata kumchukia mtu mwingine, na kilichonichukiza zaidi ni kwamba hakuwa na nia mbaya. Alikuwa radhi kabisa na nafsi yake. Tuliteremka pwani mimi na fundi, tukauliza, boti ilikuwa imekwishapotea machoni, na simu za mkononi hazikuwapo siku hizo. Tukasubiri kwenye ngazi za gati mpaka jua likawa kali. Fundi Agustino alikuwa anasali kwa namna yake na mimi kwa yangu.

Walimleta mchana. Alikuwa amejilaza kwenye mbao za boti, amejikunja, na kila alipojaribu kukaa alitapika. Nahodha alisema alimwona akipanda juu kabla ya wakati, amepanda ovyo, akamvuta kwa kola. Makame alinitambua, akataka kucheka, hakuweza. Akanambia kichwa kinapasuka. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananisimamisha nywele. "Kule chini palikuwa raha, Rukia. Hewa tamu. Nilitaka kulala kidogo tu kwenye mchanga." Matapishi yake yalikuwa yananuka karafuu. Nilimfuta mdomo kwa mtandio wangu, mimi Bi Kinyaa, sikuhisi chochote. Kinyaa kilinijia baadaye, karakanani, Bwana Nassor alipomwangalia Makame akasema huyu kala pweza wa jana, watoto wa Kizimkazi hawajui kuchagua chakula, na mitungi iliyobaki iwekwe kivulini kwa ajili ya mgeni wa Ijumaa.

Fundi alikuwa na hakika yake, lakini mimi nilitaka kujua kwa ulimi wangu mwenyewe. Mdomo wa mpira ambao mzamiaji huuma ulikuwa bado umefungwa kwenye mtungi wa Makame, umejaa mate na matapishi yaliyokauka. Niliufuta kwa kanga, sikuusafisha vya kutosha, hakuna namna ya kusafisha kitu kama hicho vya kutosha. Nikautia kinywani nikafunga meno. Wanaonijua watafahamu hilo lilinigharimu nini. Nikavuta. Kwanza ikaja karafuu, tamu, imejaa mdomo mzima. Nikaishikilia pumzi mpaka karafuu ikapoa, na chini yake nikaikuta ile harufu ya siku ya kwanza, ile nyeusi iliyotoka kwa mafungu, oili iliyoungua, na ikanikaa kooni kama utelezi wa bamia. Nikatema chini. Sijapata kuondoa ladha ile, na ndiyo inayopanda mpaka leo pilau inapofunuliwa mbele yangu.

Ijumaa mwenye hoteli akaja, mtu mnene mwenye miwani ya jua, kabla ya sala. Kanzu nyeupe ilikuwa msumarini. Makame alikuwa amekaa mlangoni, uso umepauka, kwa sababu Bwana Nassor alimwita aseme mbele ya mgeni kwamba hewa ni nzuri. Bwana Nassor akafungua mtungi kidogo karibu na pua ya mgeni, mgeni akafumba macho, akasema masha'Allah, wazungu watapenda sana hii, ndiyo Zanzibar yenyewe. Akauliza kazi ianze lini. Mimi sikuwa na hotuba. Nilinyoosha mkono nikaiteremsha ile kanzu, nikaikunjua kifuani, nikaiweka mbele ya mdomo wa mtungi, nikafungua.

"We Rukia, una wazimu?" Bwana Nassor akasema, kwa sauti ya chini, kwa kuwa mgeni alikuwapo.

Niliacha upulize kwa utulivu, kisha nikafunga, nikaiinua kanzu mbele ya wote. Kifuani palikuwa na doa la kahawia, limeloa, linang'aa katikati, pana kuliko kisahani. Bwana Nassor hakukawia hata kidogo, na kwa hilo namvulia kofia. "Karafuu hutoa rangi," akasema. Na mgeni, niliona kwa macho yangu, akaanza kutikisa kichwa kukubali. Ni Makame aliyesimama. Alishika ukuta, akaja akalitazama lile doa, akaligusa kwa kidole, akakinusa kidole. "Mimi sishuki tena na hewa hii," akasema. "Na mwenye kunuliza, nitamwambia kwa nini." Mgeni akavaa tena miwani yake, akasema ataleta jibu, na jibu lake hatukuliona.

Nilifukuzwa siku ile ile, na Fundi Agustino akakusanya spana zake akanifuata bila kufukuzwa. Lakini kabla ya kutoka, Bwana Nassor akiwa msikitini na kanzu ya kuazima, nilishika nyundo nataka kuivunja ile mashine. Fundi akanishika mkono. "Chuma hakina dhambi," akasema. "Tumekiosha kwa mikono yetu. Siku moja kitapata mtu atakokitia oili yake." Nikamsikiliza. Badala ya kuvunja nikachukua tindo, nikalala chali chini ya silinda kubwa, mahali pale pale palipotuambia ukweli, nikachonga kwenye chuma, herufi kwa herufi, kwa kina ambacho rangi haiwezi kukijaza: USIVUTE HEWA HII. Makame alirudi kwao Kizimkazi, leo anawapeleka wageni kutazama pomboo, na hajapata tena kutia kichwa chini ya maji. Kila Idi hunipelekea pweza, na ujumbe kwamba ni wa leo, si wa jana. Fundi tulimzika, sisi wote wa dini zote mbili. Miaka yote nilijifariji kwamba popote mashine ile ilipo, inasema yenyewe.

Nilimaliza kahawa, nikafuatana na Suleiman mpaka Malindi. Chumba ni kile kile. Bomba la choo sasa ni la plastiki, linavuja vile vile. Kompresa ilikuwa imepakwa buluu. Niliinama kwa shida, magoti hayanitii siku hizi, nikamwomba aniangazie kwa simu, nikapitisha kidole chini ya silinda kubwa. Palikuwa laini. Nikatoa sarafu nikakwangua, ikatoka buluu, ikafuata kijani mpya, na chini yake nyeupe, puti, ile wanayozibia magari yaliyobonyea. Aliyeipiga alikuwa na mkono mzuri, alimaliza na msasa. Nilikwangua mpaka ikachomoza U, ikachomoza S, nikaacha.

Nikafungua kifuniko cha chujio. Mfuko wa bafta ulikuwa mweupe, mpya. Nikaukamua, karafuu zikatoa mafuta kwenye vidole vyangu.

"Hizi nani kazitia?"

"Mjomba," Suleiman akasema. "Kila msimu wa kuchuma alipeleka mpya huko kaskazini, mwenyewe. Alipokuwa hawezi tena kutembea akinituma mimi."

"Nao waliokuwa wakivuta? Hawajambo?"

Akafikiri kidogo, kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa habari za majirani. "Wengine wapo."

Nikamnyooshea ule mfuko, nikamwambia anuse, anuse vizuri, mpaka chini. Akainama, akavuta pumzi ndefu, akaniangalia asijue nataka nini kwake.

"Mbona zanukia, Bi Rukia."

Nikapandisha mikono ya baibui langu, nikamwambia aniletee nyundo, ile kubwa.